Henzerani ya Bibi

Siku nilipopata kazi ya ualimu, bibi yangu alinipa fimbo. Wenzangu niliosoma nao chuoni walipewa saa, mikoba, mmoja alinunuliwa hata viatu vya ngozi. Mimi nilipewa henzerani, ile ile iliyonichapa nilipokuwa na miaka sita, imepakwa mafuta ya nazi mpaka inang'aa, imelazwa juu ya kitambaa cheupe kana kwamba inakwenda kuposa.

Nilikuwa nimeingia ndani nikihema, simu mkononi, nikipiga kelele kwamba nimepata, nimepangiwa darasa la kwanza katika shule moja ya kisiwa cha Pate, mbele ya Faza kwa pikipiki. Mama aliacha kazi yake akanikumbatia kwa viwiko, maana vidole vyake vilikuwa vimejaa piko, ile rangi nyeusi ya kuchorea mikono. Mama ndiye anayewapaka hina na piko maharusi wa mtaani kwetu, na tangu nimjue sijaiona mikono yake ikiwa misafi. Bibi, mama yake mama, hakunikumbatia. Aliinuka polepole akaenda ukumbini, penye vidaka, vile vishubaka vya ukutani ambavyo nyumba zetu za mawe huhifadhia vitu vya thamani, akapapasa kile cha juu kabisa, akaishusha.

"Henzerani hini imesomesha mui mzima," alisema, na mui kwetu ni mji. "Sasa enda nayo ikasomeshe Pate."

Nikamwambia, ahsante bibi, lakini mimi sitaichukua.

Sikuwa nimepanga kusema hivyo. Yalitoka tu, na yalipotoka nikaona sina haja ya kuyarudisha. Mama alitazama chini. Bibi alibaki amesimama na ile fimbo mikononi, akanitazama kama vile mgeni ameingia bila kubisha hodi.

Lazima nieleze ile fimbo ilikuwa nini. Kwa miaka mingi bibi aliendesha chuo cha Qur'ani pale pale ukumbini kwetu, watoto wamekaa kwenye mikeka wakisoma kwa sauti, kila mmoja na sura yake, na yeye katikati anawasikia wote kwa pamoja. Mtu aliyekosea irabu kwenye kona ya mwisho aliguswa bega na ncha ya henzerani bila bibi hata kugeuza kichwa. Mzazi alipomleta mtoto mara ya kwanza alikuja na sahani ya bisi na halua ya kuwagawia watoto, kisha alimwambia bibi amfanye huyu mtoto apendavyo, yeye atatosheka akirudishiwa mifupa. Watu wazima walicheka wakisema hivyo. Sisi watoto hatukuwahi kuona kichekesho ni kipi. Na aliyehitimu alibusu mkono wa bibi kwanza, halafu henzerani. Nami niliibusu. Ilinukia mafuta ya nazi na udi, na nilipoibusu niliichukia kwa moyo wangu wote.

Mimi nilipigwa zaidi ya wengine. Nilikuwa mjukuu, na bibi hakutaka isemwe kwamba ananipendelea. Nilipokosea nilinyoosha kiganja, na nilipolia niliambiwa ninyooshe cha pili. Nampenda bibi yangu kuliko nilivyoweza kumwambia, ndiye aliyenifunza kusoma, na sauti yake ndiyo ninayoisikia mpaka leo nikifungua msahafu. Lakini mapenzi hayanifanyi nisahau jinsi kiganja kinavyowaka.

Jioni ile mjomba alikuja, habari zilikuwa zimeshamfikia. Mjomba ni mtu mwema mwenye boti ya kuwavusha wageni kwenda Manda kupanda ndege, na anapenda maneno kuliko chai. Alikaa, akaitazama henzerani iliyokuwa bado juu ya kitambaa, akanitazama mimi.

"Mwalimu," aliniita kwa kejeli, "sote hapa tumepigwa na hini. Mimi nimepigwa mpaka nikawa mtu."

"Ulikuwa mtu kabla hujapigwa, mjomba."

Mama aliziba kicheko kwa mtandio. Mjomba hakuziba chochote, alinigombeza mpaka chai ikapoa, kwamba nimeenda kusoma bara nimerudi na ukaidi, kwamba watoto wa leo wanalindwa kama mayai. Nikamwambia sheria yenyewe inakataza kumpiga mtoto shuleni. Akasema sheria haikai Pate. Nikamwambia basi mimi nitakaa huko, nitakuwa jirani yake.

Bibi alituacha tubishane. Mwisho alisema neno moja lililonikata maini.

"Basi radhi zangu usizingoje."

Mtu asiyekulia kwetu huenda akaona ni maneno ya hasira tu. Kwetu hakuna anayeanza safari, ndoa wala duka bila radhi za wazee wake. Anayeondoka bila radhi huondoka kama mtu aliyeacha mlango wazi nyuma yake, kila baya likimfika atajua lilipitia wapi. Mama alilia usiku kucha. Mimi nililia pia, lakini nililia nikiwa nakunja nguo za safari.

Maana nilikuwa na sababu, na sababu yenyewe inakaa nyumba ya tatu kutoka kwetu. Shuleni niliketi dawati moja na msichana wa nyumba hiyo. Alikuwa msomaji wa polepole, herufi zilimpotea njiani, na mwalimu wetu wa darasa la pili alimchapa viganja kila alipokwama. Si kwa ukatili. Alichapa kama mtu anayefuta ubao, kazi iende. Siku moja yule msichana aliomba ruhusa ya kwenda msalani, akapitiliza mpaka kwao, akavua sare, na hakurudi tena. Hakuna aliyemfuata. Leo anashona kofia nzuri ambazo wanaume huvaa Idi, na wateja wanapomwandikia kwenye simu huniletea mimi nimsomee. Huniletea akiwa anacheka. Mimi huwa sicheki, na kila nikimsomea naapa moyoni kwamba darasani kwangu hakuna mtoto atakayeomba ruhusa ya kwenda msalani akaniacha hivyo.

Nilikuwa na matumaini mengine pia, mengi, na mengi yao ya kitoto. Tangu mdogo nilikuwa nikivisomesha vile vidaka. Kila kidaka kilikuwa mwanafunzi, chenye sinia la shaba kilikuwa mtoto mwerevu, chenye chetezo kilikuwa mvivu, na nilivizungumzia vyote kwa upole kwa sababu hakuna aliyeniambia kwamba mwalimu lazima akunje uso. Majuma yale ya kungoja shule zifunguliwe nilirudia mchezo ule ule, mtu mzima na diploma yangu, nikisimama ukumbini na kuuliza vidaka ni nani aliyeona paka leo. Nilitaka darasa lenye kelele. Nilitaka mikeka kwenye kona moja, na vitabu ambavyo mtoto anaweza kuvishika kwa mikono yenye mchanga. Nilitaka mtoto akikosea aseme "nimekosea" kwa sauti ile ile anayosema "nina njaa".

Kesho yake baada ya ugomvi nilikwenda kuiona shule yenyewe. Mwalimu mkuu, mtu mpole mwenye mvi, alinionyesha darasa langu, kuta za matofali, bati juu, kabati lisilo na mlango. Madirishani upepo ulipita vizuri. Nililipenda mpaka nikaona haya. Kisha akanionyesha fimbo kadhaa nyuma ya kabati, akasema watoto wa huku vichwa vigumu, nisije nikajisumbua na mambo ya chuoni. Alisema kwa wema, kama mtu anayekuonyesha jiko lilipo. Nikamwambia nitaziacha zilipo. Akatabasamu, akasema wote huanza hivyo.

Wote huanza hivyo! Nilirudi kwetu Amu nikiyarudia maneno hayo njia nzima. Mimi si wote.

Siku chache baada ya ugomvi, bibi aliniita niende kwake. Alikuwa amekaa kwenye kitanda chake cha kamba, tambuu shavuni.

"Ndoo hapa. Wasema wayua kusomesha bila ya fimbo?"

"Naam, bibi."

"Nisomeshe mimi."

Nilidhani ananitania. Bibi husoma Qur'ani kama maji yanavyoteremka, na huandika barua za Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, lakini herufi za shuleni hazijui hata moja. Alipofika umri wa wasichana kutiwa ndani, wasionekane tena nje, alitiwa ndani, na shule ya serikali aliiona kwa nje tu. Sasa masharti yalikuwa haya: kila siku baada ya alasiri, mpaka siku ya safari, nitamsomesha. Nikimnyanyulia mkono au sauti, nimeshindwa, nitaichukua henzerani na kuisomeshea maisha yangu yote.

"Na nisipokunyanyulia?"

"Tutaona," alisema, akatema tambuu.

Sijapata kuona mwanafunzi mbaya kama yule. Alichelewa, ilhali darasa lilikuwa chumbani kwake. Alisinzia. Alikula tende katikati ya somo akaniuliza kama nimeswali. Nilipomwonyesha kadi aliishika mbali, akaisogeza karibu, akaigeuza kuona nyuma yake kuna nini. Na alisoma kinyumenyume. Kwake yeye, na kwa kila aliyefunzwa kama yeye, maneno huanzia mkono wa kulia, basi nilipomwandikia "bata" alisoma "atab", akaniuliza huyo ni nani.

"Tunaanzia huku, bibi."

"Kushoto?"

"Kushoto."

"Kazi ya mkono wa kushoto waiyua mwenyewe. Na nyinyi ndiko muanziako elimu!"

Aliisema kwa raha kubwa, na akairudia kwa mama, na mama akairudia kwa nusu ya mtaa. Kesho yake alianzia kulia tena. Na kesho yake. Kuna alasiri nilitoka nikaenda kuosha vyombo vilivyokwisha kuoshwa, nikirudiarudia kimya kimya kwamba sitapiga kelele, sitapiga kelele. Nilikuwa najua anachokifanya. Alikuwa anautafuta mkono wangu. Alitaka kunithibitishia kwamba umo, umelala tu, kama ulivyokuwa kwake na kwa mwalimu wake na kwa mwalimu wa mwalimu wake.

Mwisho nilichukua kijaluba, kile kikebe chake cha tambuu, nikakiweka upande wa kushoto wa kadi. Nikamwambia, anzia penye tambuu. Akasoma "baba". Akaitazama ile kadi, akapitisha kidole juu yake, safari hii kutoka kushoto.

"Bahati," alisema.

Usiku ule nilijifunika shuka mpaka kichwani nikacheka peke yangu. Nilikuwa nimemsomesha bibi yangu neno zima, na hakuna aliyekuwa ameumia. Nani sasa angeniambia haiwezekani?

Kilichobaki kutusumbua kilikuwa b na d. Zilimchanganya kabisa, na sikujua kama ni kweli au ni ule ukorofi wake. Tumbo linatazama huku, bibi. Hili linatazama kule. Aliitikia, akakosea, aliitikia, akakosea.

Siku ya mwisho kabla ya safari kulikuwa na harusi mtaani. Mama alikuwa ametoka kwenda kumpaka bi harusi, ameacha nyumbani kikombe kidogo cha piko lililobaki na kijiti chake cha kuchorea, pembeni mwa mkeka wa chumbani kwa bibi. Nilipoingia kusomesha nilikuta henzerani imelazwa katikati ya kitanda. Bibi alikuwa ameshaketi. Safari hii hakuwa na tende wala tambuu.

Nilimwonyesha b. Akasema d. Nikamweleza. Nikamwonyesha tena, akasema d, akinitazama machoni. Nikamwonyesha tena.

"D," alisema, halafu akanyoosha mkono wa kulia, kiganja juu. "Nipige."

"Bibi."

"Mwanafunzi wako haskii. Umemwambia kwa mdomo, umemwambia kwa kadi. Kesho watakuwa wana arubaini, si kizee kimoya. Nipige, mwanangu. Henzerani hiyo hapo."

Alikuwa ameunyoosha vile vile tulivyounyoosha sisi, vidole vimebana, kidole gumba kimeinuka nje. Nikatambua kwamba naye aliwahi kuunyoosha hivyo, mbele ya mtu, zamani, akiwa na miaka sita. Nilipandwa na hasira ambayo sikuwahi kuwa nayo. Mkono uliniwasha kweli. Haikuwa hasira ya bibi peke yake, ilikuwa ya msururu mzima wa watu walionyoosha viganja na walionyanyua fimbo, ukitoka mbali huko na kunifikia mimi, ukiningoja nipokee zamu yangu.

Nikamshika mkono. Nikachukua kijiti cha mama, nikakichovya kwenye piko, na katikati ya kiganja cha bibi nikaandika b, kubwa, nene, tumbo lake limeelekea kidole gumba.

Kwa kitambo hakuelewa. Alidhani namchezea. Piko lilipoanza kuganda ndipo aliporuka.

"Ya Rabbi! Piko! Mimi mjane, piko la nini? Watu waniseme vipi?"

Alikuwa na haki ya kupiga kelele. Kwetu piko ni pambo la mwenye mume, na kizee mjane mwenye piko mkononi angezungumzwa kutoka Langoni mpaka Shela. Lakini lilikuwa limeshapakwa, na piko bichi haliguswi, likiguswa linasambaa na kuharibu zaidi. Ikabidi akae pale na mkono wazi mbele yake, akinilaani na kuupulizia kwa zamu. Hakuweza kushika tambuu wala tasbihi, na henzerani pia hakuweza kuishika. Hakuwa na la kutazama ila ile herufi.

"Tumbo laangalia wapi, bibi?" nilimuuliza, kwa sauti ya chini kabisa.

Aligeukia ukutani, na somo letu la mwisho likaishia hapo.

Jioni alisugua kiganja kwa sabuni, kwa ndimu, kwa majivu. Piko la mama huwa halitoki. Majirani walipokuja kuniaga aliwapa mkono wa ngumi, mwingine akamuuliza kama ameumia, akasema ni baridi yabisi. Aliificha ile herufi ndani ya leso kama mtu aliyeiba. Mimi alinipa mgongo. Nilijua jibu langu. Nilikuwa nimemdhalilisha mtu mzima, na radhi sasa zilikuwa zimekwenda moja kwa moja. Nilimwambia mama, nitakwenda bila radhi, nitakwenda nikilia, lakini nitakwenda, na ile fimbo itabaki hapa. Mama alinisaidia kufunga sanduku.

Asubuhi boti ya Faza ilikuwa inangoja maji yajae. Mjomba alikuja kunichukulia mizigo, na pale dakani, kwenye mabaraza ya nje ya mlango wetu, walikuwa wameshakaa majirani, wanaume upande mmoja, wanawake na mabuibui yao upande mwingine, wamekuja kumwona mwalimu mpya anavyoondoka na anavyoadhirika. Habari ya ugomvi wetu hakuna asiyeijua. Mjomba aliweka sanduku chini akapaza sauti kuelekea ndani.

"Mama! Mwalimu aenda mikono mitupu. Henzerani i wapi? Na radhi je, umempa au hukumpa?"

Nilisimama katikati ya watu wote wale, kichwa juu, nikijiambia sitainama mbele yao. Bibi hatoki dakani penye wanaume, tangu ujana wake hajawahi. Nikasikia kandambili zake zikija polepole, zikasimama nyuma ya mlango.

Ubawa mmoja wa mlango ulifunguka kidogo. Mkono wake ukatokea nje mpaka kiwikoni, wa kulia, umeinuliwa juu, vidole vimekunjuliwa vyote. Katikati ya kiganja, nyeusi tititi, mbele ya mtaa mzima, ile b. Mwanamke mmoja alisema "Subhanallah!" Mwingine alianza kucheka akajiziba mdomo kwa buibui. Mjomba aliinama akalisogeza sanduku karibu nami.

"Tumbo laangalia kidole gumba," sauti ya bibi ilisema nyuma ya mlango. "Waambie wana hivyo. Wataelewa."

Nikaushika ule mkono kwa mikono yangu miwili, nikaubusu pale pale penye herufi. Ulinukia mafuta ya nazi na udi. Kisha nikachukua sanduku langu mwenyewe, nikashuka pwani.